Manjano kwenye Kikombe cha Bi Rukia

Mliponiaga kazini mwezi uliopita, wenzangu wa maabara, mlinipa doti ya kanga, saa ya ukutani na daftari tupu. Kanga nshaivaa, saa imetundikwa sebuleni, na daftari ndilo hili. Habari za vyeo na mishahara siziandiki. Zimo kwenye majalada, na mwenye hamu nazo atazisoma huko. Nitaandika nilivyoanza, aliyenifundisha, na mambo niliyoyaona kwa macho yangu. Chumba chetu cha seli kina upana wa mikeka miwili ya msikitini, lakini niliyoyaona humo mpaka leo yananinyamazisha.

Nilizaliwa Michenzani, nikasomea huko huko, na nilipofika umri wa miaka ishirini na sita nikapata kazi katika maabara iliyokuwa ghorofa ya juu ya nyumba kongwe mjini, yenye kuta nene na ngazi ya mbao inayolia kila ukiikanyaga. Siku hizo tulikuwa tukipima mafuta ya karafuu na viungo vingine, kuona kama ni safi au vimechanganywa. Siku ya kwanza sikupewa hadubini wala koti jeupe. Nilipewa beseni.

Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Niliosha asubuhi nzima, nikavipanga juu ya meza, nikasimama pembeni nikingoja kusifiwa. Akaja mwanamke mrefu, mtandio umebanwa nyuma ya masikio, akanyanyua chupa moja akaielekeza dirishani penye mwanga. Akaigeuza. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Hii umeiosha au umeisalimia?"

Huyo ndiye Bi Rukia Haji. Alikuwa amenizidi miaka kumi, na wakati ule ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa maabara. Alinifunda kwanza kabla hajaniruhusu kuosha chupa tena: chombo kinaoshwa mara tatu kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyochujwa, kisha kinainamishwa kikauke chenyewe, hakifutwi kwa kitambaa. "Kitambaa kina nyuzi," alisema, "na kila uzi una wenyewe." Sikuelewa alikuwa akimaanisha wadudu wasioonekana. Nilidhani ni majini.

Miaka ikapita. Nikatoka kwenye beseni nikaingia kwenye mizani, nikatoka kwenye mizani nikajifunza kukamua mimea: kuikausha kivulini, kuisaga, kuiloweka kwenye spiriti, kuichuja na kuikausha mpaka ibaki ile asili yake chini ya chupa. Bi Rukia akaenda masomoni ng'ambo. Aliporudi, alirudi na mtungi unaotoa moshi wa baridi, na ndani ya mtungi mlikuwa na vichupa vidogo kama vya wanja. Ndani ya vichupa mlikuwa na seli.

Kwa asiyekuwa wa fani yetu nieleze. Mwili wa mtu umejengwa kwa seli, vijumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, kila kimoja hai. Saratani ni seli zilizoacha kusikia amri. Zinagawanyika na kuongezeka bila kujua kusimama. Seli alizozileta Bi Rukia zilitoka katika saratani ya utumbo mpana wa mtu wa nchi ya mbali, ambaye mwenyewe alifariki zamani. Seli zake ziligandishwa, zikasafirishwa, na sasa zilikuwa Unguja.

Tukaziyeyusha kwa maji ya uvuguvugu. Tukazitia kwenye chupa bapa yenye chakula chake, maji ya rangi ya waridi, tukaiweka kwenye kabati linalotunza joto sawa na la mwili. Kesho yake Bi Rukia akaiweka chupa chini ya hadubini, akaangalia, akanipisha kiti.

Kwanza sikuona kitu. Kisha jicho likazoea. Zilikuwa zimeshuka chini ya chupa na kuishika, zimejinyoosha, zimeshikana bega kwa bega kama waumini kwenye safu. Baadhi zilikuwa zimeviringana, zinang'ara.

"Hizo zinazong'ara?" nikauliza.

"Hizo zinajiandaa kugawanyika. Moja inakuwa mbili."

"Na mwenyewe amekufa?"

"Mwenyewe amekufa miaka mingi."

Nilitoka nikaenda kukaa kwenye ngazi, na nilihitaji muda kabla ya kurudi ndani. Mtu amezikwa, wajukuu wake pengine ni wazee, na kipande chake kinakula na kuongezeka kwenye kabati letu. Sikujua kama ni jambo la kuogopa au la kushukuru. Mpaka leo sijajua, lakini nimezoea kutojua.

Chumba cha seli kilikuwa na sheria zake, na wengi wenu mmezikuta zimebandikwa mlangoni bila kujua zilikotoka. "Usiingie na nguo iliyofukizwa udi": hiyo ni kwa sababu yangu, nilikuja Jumatatu moja kutoka harusini nanukia mpaka uchochoroni. "Usipitishe mkono juu ya chupa iliyo wazi." "Usizungumze ukiwa umefungua." Na ile ya mwisho, ambayo wageni huicheka, "Aliyekanda unga jana asiingie leo," hiyo pia ni yangu. Ilikuwa Ramadhani. Nilikuwa nikikanda mikate ya ufuta kila alasiri, na hamira ikabaki chini ya kucha. Baada ya siku tatu maji ya waridi yakawa manjano, yamechafuka, na chini ya hadubini seli zilikuwa zimezungukwa na vijimbegu vya hamira vinavyochipua. Mwezi mzima wa kazi ukaenda na maji. Bi Rukia aliangalia, akavuta pumzi, akasema, "Mikate iliumuka vizuri?"

"Iliumuka, Bi."

"Alhamdulillahi. Angalau huko imefaa."

Kazi yetu kubwa ilikuwa kupima vyakula vya kwetu juu ya seli hizo: karafuu, tangawizi, mlonge, vitunguu, na zaidi ya vyote manjano. Watu huniuliza kwa nini utumbo mpana na si kiungo kingine. Bi Rukia alikuwa na jibu lililonishangaza nilipolisikia mara ya kwanza. Manjano tunayokula, alisema, yanayofika kwenye damu ni kidogo sana. Ini linayakamata na kuyatoa. Lakini ukuta wa utumbo hauyangoji yaingie kwenye damu. Unakutana nayo uso kwa uso, kila siku, tangu mtu anapoacha ziwa mpaka anapokufa. Ikiwa kuna mahali chakula kinaweza kusema neno na saratani, ni hapo.

Tulinunua manjano mabichi, mizizi mizima, kamwe si ya unga, kwa kuwa unga hujui umechanganywa na nini. Tuliyakamua wenyewe. Tulitia tone kwenye visahani vya seli, dozi ndogo, ya kati na kubwa, na katika kila jaribio tuliweka kisahani kimoja kisichotiwa manjano, kinachotiwa kiyeyushi kitupu tu, kile tulichoyeyushia manjano. Tulikiita shahidi. Bila shahidi huwezi kujua kama seli zimekufa kwa manjano, kwa kiyeyushi, au kwa umeme uliokatika ukalipoza kabati. Safari moja seli zilikuwa chache, nikaona nisizipoteze kwa shahidi. Bi Rukia alisoma daftari langu, akapiga mstari mmoja kutoka pembe ya juu mpaka pembe ya chini ya ukurasa.

"Bila shahidi hii si kazi, Zuhura. Ni hadithi."

Jaribio lililonifundisha zaidi ni lile ambalo mashine ilitudanganya. Tulikuwa na kipimo cha rangi: unatia dawa fulani, seli zilizo hai zinaigeuza zambarau, na mashine inasoma zambarau ilivyokolea. Zambarau nyingi, uhai mwingi. Mashine ikasema kwamba kwenye dozi kubwa ya manjano seli zilikuwa hai kuliko kwenye dozi ya kati. Nilikuwa tayari kuandika. Bi Rukia akaniambia, "Hebu kaziangalie kwa macho."

Nikaziangalia. Zilikuwa zimekufa zote, zimeng'oka, zinaelea kama majani ya chai. Manjano yenyewe yalikuwa yameibadilisha rangi ya kipimo bila msaada wa seli yoyote. Majaribio ya miezi miwili yakatupwa, na tukaanza upya kwa njia ya zamani: unatia rangi ya buluu, unaweka tone kwenye kioo chenye mistari, unahesabu moja moja. Seli hai inaikataa rangi. Seli iliyokufa haina tena uwezo wa kukataa, inaingia buluu mpaka ndani. Nimehesabu hivyo kwa miaka zaidi ya ishirini, na kila nilipoona seli hai inang'aa katikati ya buluu ile, imefunga milango yake, nilihisi kama nimeonyeshwa siri isiyokuwa yangu.

Na kweli manjano yaliziua. Kwa dozi ya kutosha ziliacha kugawanyika, zikasinyaa, zikajikata vipande vipande kwa utaratibu, kama mtu anayekunja nguo zake kabla ya safari. Tulipima pia seli za utumbo zisizo na saratani, na hizo zilivumilia zaidi, lakini dozi ikizidi nazo zilikufa. Tuliandika hivyo hivyo, bila kuongeza.

Lakini maneno hayakubaki kwenye daftari. Habari ikatoka kwamba maabara imepata dawa ya saratani, na watu wakaanza kupanda ile ngazi inayolia. Namkumbuka mama mmoja mkulima wa mwani, katoka Uroa na chupa tupu ya maji mkononi, anataka ajaziwe kwa ajili ya mumewe. Bi Rukia alimkalisha.

"Mama, tunayofanya hapa ni kuzimwagia seli manjano kwenye kisahani. Sabuni ya kufulia nayo inaziua. Utampa mumeo sabuni?"

"Hapana."

"Basi mpeleke hospitali leo. Si kesho, leo. Manjano mtilie kwenye mchuzi, ale kwa raha yake."

Maneno hayo nilimsikia akiyasema mara nyingi, kwa watu wengi, bila kuchoka. Ndiyo maana lililofuata lilinichukua muda kuliamini.

Bi Rukia alikuwa na miaka hamsini na tano. Alianza kupungua. Nguo zilimning'inia. Alikuwa mtu wa kukaa kwenye kiti cha hadubini saa tatu bila kusimama, sasa alitoka mara kwa mara kwenda msalani, na akirudi uso umempauka. Nikimuuliza, anasema tumbo tu, chakula cha harusi. Sikumbuki harusi yoyote mwezi ule.

Siku moja baada ya sala ya adhuhuri niliingia kwenye chumba cha chai kuosha vikombe. Kikombe chake kilikuwa pale, kile cheupe cha udongo. Ndani kilikuwa na duara la rangi ya manjano, limeingia mpaka kwenye nyufa, halitoki kwa kusugua, na chini kuna punje za pilipili manga. Sisi tulijua kwa nini mtu anachanganya manjano na pilipili manga: pilipili inalizuia ini lisiyatoe manjano haraka. Hayo hayakuwa mapishi. Ile ilikuwa dozi.

Nikafungua kabati la mizizi. Nusu haikuwepo.

Alinikuta nimesimama na kikombe. Hakukasirika. Alifunga mlango, akakaa.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Miezi minne."

"Na kuna damu chooni?"

"Kuna damu."

"Umekwenda hospitali?"

Akatikisa kichwa.

Nilimheshimu Bi Rukia kuliko mtu yeyote nje ya nyumba yetu. Sikuwahi kumjibu wala kumsahihisha. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Bi Rukia, shahidi wako yuko wapi?"

Nilidhani atanifukuza.

"Sina," akasema. "Mwili ninao mmoja."

Kisha akazungumza, na mimi nikakaa kwenye sakafu karibu na miguu yake kama mtoto. Alisema anajua kila kitu. Anajua kwamba kile kikombe hakina hata sehemu ndogo ya dozi tuliyokuwa tukitia sahanini. Anajua aliyomwambia yule mama wa Uroa. Lakini anajua pia upasuaji unavyokwenda. Huenda wakamtoa kipande cha utumbo na kumwekea mfuko ubavuni, na choo kipite humo. "Ntasali vipi, Zuhura? Ntakaa vipi na watu? Nnakunywa kila asubuhi, nasema leo, leo pengine patapungua. Nshajua ni uongo. Nnakunywa."

Nilijua mwenye jibu la sala. Kaka yake, Maalim Khamis, alikuwa akisomesha chuo cha Qurani nyuma ya nyumba yake Chukwani. Nilimwomba Bi Rukia ruhusa ya kumwambia, naye akasema, "Mwambie wewe. Mimi nna haya."

Tulikwenda wote wawili alasiri ile ile. Maalim Khamis alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. Alimwambia dada yake, "Ukiwa na mfuko, wewe ni mwenye udhuru. Wakati wa sala ukiingia, unajisafisha kadiri unavyoweza, unatawadha, unasali. Ukiingia wakati mwengine unatawadha tena. Dini haikushindwa na mfuko, Rukia." Aliposema tena sauti ilikuwa ya kaka, si ya mwalimu: "Miezi minne umekaa na jambo hili peke yako, na mimi nipo hapa?"

Hapo ndipo nilipomwona Bi Rukia akilia, mara ya kwanza na ya mwisho.

Kesho yake alikwenda hospitali. Daktari wa upasuaji, mtu wa maneno machache, alisema uvimbe uko na unatolewa, na kwamba angekuja mapema ingekuwa rahisi zaidi. Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuhitaji.

Siku mbili kabla ya upasuaji Bi Rukia aliniita. Alikuwa na karatasi mkononi, fomu ya mgonjwa anayeridhia kipande cha uvimbe wake kitumike kwa utafiti. Fomu ile aliiandika mwenyewe miaka mingi nyuma, neno kwa neno, na kamati ya maadili ya utafiti iliipitisha, lakini hatukuwahi kuitumia. "Nimeisoma kama mgonjwa," akasema. "Ibara ya tatu haieleweki. Mtairekebisha." Akatia saini. Ibara ya tatu nimeirekebisha. Ndiyo hiyo mnayoitumia.

Asubuhi ya upasuaji nilisimama nje ya mlango na sanduku la barafu. Muuguzi alinikabidhi kichupa. Ndani kulikuwa na kipande kidogo kama punje ya mahindi. Nilikishika kwa mikono miwili njia nzima.

Kukuza seli za utumbo moja kwa moja kutoka kwa mtu ni kazi ngumu, na nawaambia nyinyi mtakaojaribu: utumbo umejaa bakteria, nao wanakua haraka kuliko seli yoyote. Nilikiosha kipande mara sita kwa maji yenye dawa. Nikakikatakata kwa visu viwili vyembamba mpaka kikawa kama nyama iliyosagwa sana. Nikagawa kwenye chupa sita. Siku ya pili chupa mbili zilikuwa zimechafuka. Siku ya tano, mbili nyingine. Nilizitupa na sikumwambia mtu. Nilikuwa sijali utafiti tena. Nilikuwa nikihisi kwamba nimepewa amana na inaniponyoka.

Siku ya tisa, katika chupa ya tano, niliona kisiwa. Seli kama arubaini hivi, zimeshika chini, zimebanana, na ukingoni moja ilikuwa imeviringana inang'ara.

Nilimjua Bi Rukia karibu miaka ishirini. Nilijua anavyotembea, anavyopenda chai yake, anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Sasa nilikuwa nikimwona mahali ambapo hata yeye hajapata kujiona. Alikuwa amelala hospitali na bandeji tumboni, na alikuwa hapa. Nilisoma dua niliyoijua, nikarudisha chupa kwenye kabati polepole, nikaufunga mlango wake kama ninavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Baada ya wiki sita akaja mwenyewe, akapanda ngazi kwa kupumzika mara mbili. Mfuko ulikuwa chini ya baibui na hakuna aliyeweza kujua. Hakuuliza kitu. Alikaa kwenye kiti chake, akarekebisha kioo, akaangalia. Nilihesabu pumzi zake. Alikaa muda ambao mtu angemaliza rakaa nne.

"Ni nzuri," akasema mwishowe, bila kuinua uso.

"Ndiyo, Bi."

"Nilitaraji niziogope." Akaendelea kuangalia. "Zinajitahidi. Hazijui kama zinafanya ubaya."

Kisha akainuka, akafuta macho ya hadubini kwa karatasi kama kawaida yake, akasema, "Zipime kwa manjano. Na shahidi uweke."

Tulizipima kwa jinsi zilivyotosha. Kwa dozi kubwa ya sahanini karibu nusu zilikufa, na nyingine zikabaki zimesinyaa lakini hai, zimeikataa buluu. Kwa ile dozi ndogo, ambayo tulikadiria ndiyo inayoweza kufika kutoka kwenye kikombe, hapakuwa na tofauti yoyote na shahidi. Alisoma ukurasa mara mbili.

"Basi miezi minne nilikuwa nikinywa mchuzi," akasema. Chini ya matokeo akaandika kwa mkono wake: *Mtu mmoja tu. Isichukuliwe kuwa ni kanuni.* Hatukuyachapisha. Daftari lipo kwenye kabati la chini, jalada la kijani, mtu akitaka kuona.

Seli za mtu zisizozoeshwa maisha ya chupa huwa hazidumu. Zake ziliendelea kwa wiki kadhaa, zikapunguza mwendo, zikasimama. Wakati huo yeye alikuwa katikati ya kuchomwa dripu za dawa, nywele zimepungua, mdomo umechubuka. Asubuhi nilipotia buluu nikakuta zote zimeipokea, nilihesabu mara tatu, kisha nikampigia simu Chukwani, alikokuwa akikaa kwa kaka yake. Nilikuwa naogopa, kama nampelekea habari ya msiba wake mwenyewe.

"Bi Rukia, zimekufa."

"Zote?"

"Zote."

Nikasikia mafuta yakichemka nyuma yake, na sauti ya upawa.

"Na mimi nipo hapa nakaanga samaki changu," akasema. "Haya, osha chupa. Uoshe, usisalimie."

Alimaliza dripu. Mfuko ulitolewa mwaka uliofuata, utumbo ukaungwa. Alirudi kazini mpaka alipofikia umri wa kustaafu, na kila mwaka alikwenda kupimwa bila kukumbushwa. Watu walipoendelea kupanda ngazi na chupa tupu mkononi, hakuwaambia tena habari ya sabuni. Aliwakalisha, akawaambia, "Nami nimeyanywa manjano. Njoo nikuelezee." Walimsikiliza zaidi. Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia. Ana miaka sabini, analalamika magoti, na mchuzi wake bado una manjano mengi.

Mimi siku yangu ya mwisho mliiona, lakini asubuhi yake hamkuwepo. Nilifika kabla yenu wote. Kazi zangu nilikuwa nimeshazikabidhi, daftari limefungwa, sikuwa na cha kufanya. Nikatoa chupa kwenye kabati, nikakaa kwenye hadubini.

Katika miaka yote hiyo nilikuwa nimeona seli zikiwa moja, na nimeziona zikiwa mbili, maelfu kwa maelfu, lakini sikupata kukaa nikaona jambo lenyewe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Siku zote palikuwa na chupa nyingine inangoja. Asubuhi ile niliichagua moja, ndiyo kwanza imeanza kuviringana, nikakaa nayo. Iliachia sakafu kidogo. Iling'ara. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu, na mgongo ulianza kuniuma. Kisha kiunoni pakaingia mkunjo, mdogo kama alama ya ukucha, ukabana, ukabana, na pande zote mbili zikawa zinatetemeka kama vile ndani kuna mtu anahamisha vyombo. Nilikuwa najua ni ugonjwa ninaouangalia. Najua umeua wangapi, na ulimkaribia nani. Hata hivyo nilijikuta natamka subhanallah, kwa sauti, mahali ambapo sheria ilikuwa usizungumze.

Zikaachana. Zikalala chini, zikaanza kujinyoosha, kila moja upande wake.

Nikafungua tena daftari, nikaandika tarehe na saa, na chini yake: *Moja. Zimekuwa mbili.* Hilo ndilo jambo la mwisho nililoliandika kazini.